Kanga Hii Nimpe Nani?

Mama wa usafi aliweka ndoo chini, akasimama mbele ya kanga iliyotundikwa ukutani, akaisoma polepole kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"DADA WA KAZI NAYE NI BINADAMU."

Ilikuwa jioni. Maonyesho ya kazi za mwaka wa mwisho yalikuwa yamekwisha, wazazi wameondoka, wanafunzi wako nje wanapiga picha. Sisi waamuzi wanne tulibaki ukumbini na soda zetu, tunajumlisha alama. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akashika pindo la kanga kwa vidole viwili, akaligeuza aone kama rangi imepenya hadi upande wa pili. Hivyo ndivyo wanawake wetu wanavyokagua kanga dukani.

"Nzuri," akasema. "Sasa hii, mwanangu, mtu anamnunulia nani?"

Nilifungua mdomo, nikakosa la kusema. Akachukua ndoo yake akaendelea na kazi.

Wiki sita zimepita, na swali lile bado ninalala nalo na kuamka nalo.

## Kazi yenyewe

Mada ya mwaka huu chuoni pale ilikuwa ubunifu na jamii. Kulikuwa na mabango ya afya ya akili, mchezo wa karata kuhusu ajali za bodaboda, viti vya matairi ya zamani, na programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa seli mundu siku zao za kliniki. Nyingi zilikuwa kazi nzuri, nyingine zilifanywa usiku wa mwisho na zilionekana hivyo.

Halafu ikawepo kanga.

Mchoraji wake ni binti wa miaka ishirini na tatu, mkimya, mikono bado ina madoa ya wino. Alichapa doti nzima kwa mkono, rangi tatu, kila rangi na fremu yake. Pindo lilikuwa la kandambili zilizopangwa jozi jozi kuzunguka kitambaa chote. Katikati, kwenye mji, beseni kubwa la kufulia, na ndani ya povu uso wa msichana ambao haukukamilika: jicho moja, nusu ya mdomo. Bluu yake ilikuwa ile ile ya sabuni ya unga. Niliinamia kile kitambaa nikatafuta mahali ambapo rangi moja imeteleza juu ya nyingine, sikupaona. Anayejua kazi ya kuchapa kwa mkono atanielewa nikisema nilishika pumzi.

Alikuwa amewahoji wasichana ishirini na wawili wanaofanya kazi za ndani. Alitusomea maneno yao. Mmoja analala jikoni kwenye godoro linalokunjwa alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka. Mwingine hajaenda kwao miaka mitatu. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na mwamuzi mwenzangu alifuta macho kwa leso.

Nilimpa 87 kwa mia. Chini ya fomu niliandika: kazi yenye utu.

Alama za ufundi siziondoi hata moja. Maneno yale ya chini ndiyo yanayonitesa.

## Swali la Mtaa wa Uhuru

Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali la mama yule halikuwa geni kwangu. Nililisikia kwa miaka tisa.

Kabla sijaanza kufundisha na kuandika, nilikuwa nachora kanga kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa Dar es Salaam. Maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru mnayajua, siwaelezi. Ila wengi hawajui kinachotokea kabla ya mzigo kwenda kiwandani. Mzee yule alikuwa akichukua karatasi ya mchoro, na jina, yaani maneno ya kanga, limeandikwa kwa kalamu, anawaita wanawake wawili watatu waliokuja kununua. Hawaulizi kama ni nzuri. Anawauliza: "Hii utamnunulia nani?"

Kama mama akijibu palepale, "Namnunulia wifi yangu," na huku anacheka, mzigo unachapwa. Kama akiangalia juu akitafuta mtu wa kumpa, karatasi inarudi kwenye droo.

Niliwahi kumpelekea kanga niliyoipenda sana, imeandikwa ELIMU NI UFUNGUO WA MAISHA. Mama mmoja wa Temeke aliisoma akatikisa kichwa. "Hii ya ukutani," akasema. "Itundikwe shuleni."

Ya ukutani.

Alikuwa na haki, na nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza darasani. Kanga haisemi peke yake. Ina mtu aliyeivaa na mtu anayeisoma kwa nyuma, jina likiwa limekaa chini kiunoni au mgongoni. NANI KAMA MAMA inatoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE inavaliwa asubuhi ya kufagia uwanja, jirani akiwa amekaa barazani kwake, na jirani anajua. Akikasirika, mvaaji anasema sijaandika mimi, nimeikuta dukani. Hapo ndipo palipo nguvu ya kanga: inamwezesha mtu asiye na nafasi ya kusema, aseme, na asishikwe.

Sasa ikumbuke kanga ya beseni. Nani aivae, na nani aisome?

Akiivaa mwenye nyumba, anajisifu. Akiivaa dada wa kazi mwenyewe, anaomba. Mwenye nyumba akimzawadia dada, sijui hata niseme nini, maana ni kama kumkabidhi mtu cheti cha kuthibitisha kwamba yeye ni mtu.

Yote haya nilikuwa nayajua. Kwa nini sikuuliza siku ile?

Nimejihoji sana, na jibu ninalopata ni hili: niliona aibu. Neno "jamii" lilikuwa limeandikwa kubwa mlangoni, habari za godoro la jikoni zilikuwa zimetutoa machozi, na swali la duka la jumla lilionekana dogo, la kibiashara, la kukosa huruma. Nikaliacha mlangoni pamoja na mwavuli wangu.

## Neno moja dogo

Nilikaa na yale maneno sita usiku mwingi. Lililonikwama ni "naye".

Naye ni binadamu. Maana yake kuna orodha imeshaandikwa, na wenye orodha wamekaa, wanajadiliana kama jina moja zaidi liongezwe. Anayesema hayo yumo ndani ya orodha tayari. Anayesemwa yuko nje, anasubiri.

Tena anasemwa kwa nafsi ya tatu, akiwa hayupo. Sote tumewahi kukaa sebuleni kwa watu, msichana anaingia na sinia la juisi, na wenyeji wanaendelea kumzungumzia kama vile sinia limejileta lenyewe. "Huyu tulimtoa kijijini." "Huyu mzuri, hana maneno." Anaweka glasi, anapiga goti, anatoka.

Kanga ile ilikuwa inamtetea, sina shaka. Ila ilimtetea juu ya kichwa chake, kwa sauti ile ile ya sebuleni.

## Waliovua kaniki

Nilipofika hapo nilirudi kwenye historia, kwa sababu kuna jambo kuhusu kanga tunalipita haraka mno.

Zanzibar na pwani yote ya karne ya 19, mtumwa alijulikana kwa nguo. Wanawake waliokuwa utumwani walivaa merikani, pamba nyeupe isiyo na urembo, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Nguo ilikuwa inasema wewe ni mali ya nani. Kisha zikaja leso za mraba, zenye maua na rangi, zilizouzwa kwa jora. Wanawake wakanunua sita kwa mpigo, wakakata, wakashona tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo halijawahi kuwepo. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza kitambaa kizima chenye upana huo huo. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki na kuchagua kanga. Maandishi yalikuja baadaye kidogo, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo alama yake ya K.H.E. na MALI YA ABDULLA tunaiona hadi leo, mara nyingi ndilo linalotajwa kuyaanzisha.

Fikirini jambo hilo. Miongoni mwao walikuwemo wafanyakazi wa ndani wa zama zao, na bila hata ujira. Swali la kama wao ni binadamu lilikuwa linaulizwa waziwazi. Jibu lao halikuwa bango linalosema mtumwa naye ni binadamu. Jibu lao lilikuwa kuchagua ua.

Na kuchagua ua walijua! Wauzaji walihangaika nao, maana mchoro uliotamaniwa leo msimu ujao unaweza kukosa mnunuzi.

Hapa kuna mtu ataniuliza: kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajawahi kufua nguo za watu asichore habari za wafuaji? Nilisumbuka na hilo pia, na sikubaliani nalo. Kanga zilichorwa na watu wa mbali tangu mwanzo. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Sisi wenyewe tulikuja kuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968, na wengi waliokuwa wakichora hawakuwahi kufunga kanga kiunoni. Mimi nilipochora majina ya wakwe na mawifi sikuwa hata nimeolewa.

Tofauti ni kwamba mwanamke wa Temeke alikuwa na uwezo wa kuikataa kazi yangu. Asiponunua, nimeshindwa, na huruma yangu hainisaidii kitu. Kanga isiyo na mtu wa kupewa, sokoni inalala kwenye rafu mpaka panya waikute. Chuoni inapata 87, kwa sababu anayeamua ni mimi, na mimi simo miongoni mwa wale inaowahusu.

Au nimo, lakini upande wa pili.

## Jikoni kwangu

Mwanafunzi yule alitupa kila mwamuzi doti moja kama shukrani. Niliileta nyumbani, nikaiacha juu ya kiti.

Tuna binti anayetusaidia. Ametoka Masasi, yuko nasi mwaka wa nne. Aliikunja vizuri, jina likaingia ndani, akaiweka kabatini pamoja na mashuka. Hakuuliza. Kwa kawaida ikiingia kanga mpya nyumbani huwa tunaifungua pamoja, anaijaribu begani, tunacheka jina.

Baada ya wiki mbili nikashindwa kuvumilia. Nikaitoa, nikamwonyesha, nikamuuliza anaionaje.

"Nzuri, dada."

Kwa kweli unaionaje?

"Nzuri."

Nilisimama pale jikoni na kanga mikononi nikaelewa nilichokuwa ninafanya. Namuuliza mtu ninayemlipa mshahara, ndani ya nyumba ninayoifunga kwa ufunguo wangu, kama anaonewa. Angejibu nini? Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali mwaka 2022 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mimi namlipa zaidi ya hapo, na kwa muda mrefu neno hilo "zaidi" lilinitosha. Sikuwahi kukaa naye tukaandika siku zake za mapumziko. Huwa anaomba, huwa nakubali, na nilijiona mtu mwema kwa kukubali.

Usiku ule tuliandika: Jumapili nzima, kila wiki, na siku 28 za likizo kwa mwaka, kama sheria inavyomstahilisha mfanyakazi mwingine yeyote. Alitia sahihi kwa herufi kubwa, kila herufi peke yake. Sisemi haya nipongezwe. Yalichelewa miaka mitatu.

Jibu la kanga lilikuja siku nyingine kabisa, wala sikuwa nimeuliza. Alikuwa anapepeta mchele uani, amenipa mgongo.

"Dada, yule aliyeandika ile kanga, nani alikuwa amemkatalia?"

Kumkatalia nini?

"Kwamba sisi ni watu." Akarusha mchele, akaupokea, akatoa chenga kwa kidole. "Mimi hakuna aliyenikatalia. Ila watu wanadhani mimi sina kwetu. Wanadhani nimeanzia hapa getini."

Akanyamaza, halafu akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo begani:

"Nami nina kwetu."

Nilihisi nywele zinasimama. Maneno matatu! Mtu akiyavaa akiwa kazini, mwenye nyumba anayasoma kwa nyuma na anajua ameambiwa. Akiyavaa akishuka basi Masasi, mama yake anayasoma tofauti kabisa. Akiulizwa, anasema nimeikuta dukani. Miaka tisa nilichora kanga, sikuwahi kuandika jina lililokamilika namna hiyo.

## Simu

Nilimpigia mwanafunzi. Niliogopa kupiga, kwa sababu alikuwa ameshafaulu, ameshafurahi, wazazi wake wameshafanya sherehe.

Aliniamkia kwa furaha. Nikamweleza kuhusu mama wa usafi, nikamweleza kuhusu mchele. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwalimu," akasema, "mbona siku ile hukuniuliza?"

Sauti ilikuwa inatetemeka. Nilimwomba radhi, na nilimaanisha. Nilimwambia alichokosa yeye ni kidogo kuliko tulichokosa sisi tuliokaa nyuma ya meza. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nalo nilipaswa kuliuliza mapema: wale ishirini na wawili aliwahoji wapi?

"Majumbani kwao, mwalimu. Yaani, kwa waajiri wao. Sebuleni."

Waajiri wakiwepo?

"Wengi, ndiyo. Ndio walionipa ruhusa."

Hakuna aliyemfundisha. Fomu yetu ya alama ina ubunifu 30, ufundi 30, utafiti 20, uwasilishaji 20. Hakuna mstari unaouliza kama mtu anayehusika ameiona kazi, wala alisema nini, wala kuna kitu gani kilibadilika baada ya yeye kusema. Mwanafunzi anaweza kutoka na shahada yenye kazi tatu kuhusu watu fulani bila hata mmoja wao kukanyaga ukumbi, isipokuwa aje kupiga deki.

Nimeandika barua chuoni, ukurasa mmoja na nusu, nikipendekeza mstari huo uongezwe na uwe na alama nzito. Nimependekeza pia mama wa usafi aalikwe rasmi mwakani, akae mezani na sisi, alipwe posho sawa na yetu. Nimejibiwa kwamba suala linapitia kamati. Nitalifuatilia kamati baada ya kamati.

## Jumamosi

Mwanafunzi aliuliza kama anaweza kuja. Nikamwambia anayetakiwa kuombwa ruhusa si mimi. Nikampa binti simu, wakazungumza wenyewe, wakapanga siku.

Alikuja Jumamosi asubuhi na daftari la michoro. Niliwaacha mkekani uani, wana ungo wa choroko katikati yao, nikachukua kikapu nikaenda sokoni. Sikuwa na la kununua. Nilizunguka mpaka jua likawa kali, nikanywa chai kwa mama ntilie, nikazunguka tena.

Niliporudi, choroko zimechambuliwa na daftari limejaa. Beseni halimo. "Beseni naliona kila siku," binti aliniambia, "nilivae tena?" Bluu imeondolewa. Anataka nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za kisutu, za bibi harusi. Kwenye pembe nne za mji ametaka korosho, na hapo walibishana, kwa sababu mwanafunzi aliona korosho ni mchoro wa zamani, kila kanga inao. Binti akamjibu kwamba huko kwao korosho si mchoro, ni ada ya shule. Mwanafunzi alichora nne, zikakataliwa mbili kwa kuwa na tumbo jembamba. Jina bado hawajakubaliana: lile la maneno matatu lipo, na kuna jingine ambalo hawataki kuniambia.

Nilikuwa naweka vitunguu kwenye kapu lake waliponiita. Walitaka kujua bei. Nikauliza bei ya nini.

"Doti, dada. Ikishachapwa itauzwa shilingi ngapi?" Binti alikuwa ameshika daftari kifuani, anahesabu kwa midomo. "Nataka mbili. Moja ya mama. Nyingine ya mama mdogo, alinisindikiza mpaka stendi."